Mwaka Maganga Alipojifunza Kunyamaza

Tulimzika Maganga kule Rudewa siku ya mvua, na kila aliyesimama kumzungumzia alisema neno lile lile: marehemu alikuwa mtu wa maneno machache. Padri alisema hivyo. Mwenyekiti wa kijiji akarudia. Afisa mmoja kijana, aliyekuja na askari wa kupiga saluti, akasema marehemu alikuwa kaburi la siri hata kabla ya kuingia kaburini, na watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, magoti yakiniuma, nikajiuliza, ala, huyu tunayemzika ni nani? Maana Maganga niliyekutana naye ujanani alikuwa haongei tu, alikuwa anamwagika. Alianza hadithi asubuhi tukifunga viatu, tukaendelea nayo kwenye ugali wa mchana, na jua linazama bado hajafika mwisho. Halafu mimi ni mtani wake. Yeye Mnyamwezi, mimi Mkaguru, na utani wetu ni wa tangu enzi za mababu waliopita huku na misafara. Msibani mtani ndiye anayetakiwa kuwachangamsha wafiwa: amseme marehemu vibaya, adai shuka lake, aingie hata kaburini na agome kutoka mpaka apewe chochote. Wanawake waliokuwa wanapika walinifuata mara mbili. "Babu mtani, vipi leo? Huna hata neno moja la kumtukana mwenzio?" Nikashindwa. Nilikuwa naogopa. Mzee mzima, wajukuu ninao, naogopa maiti ya rafiki yangu, na woga huo ulianza katika mwaka mmoja tu, mwaka tuliokaa pamoja Mikumi.

Habari za kwetu nitaziruka, zilikuwa kama za kila mtu wa milima ya Ukaguru: shamba, shule ya misheni, kanisa, na shamba tena. Nilikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinatafuta njia, nimepelekwa pamoja na wenzangu kwenye kambi ya vijana kulima na kufundishwa kwata. Ulikuwa wakati wa vijiji vya Ujamaa. Watu walikuwa wanateremshwa kutoka milimani na kupangwa mistari mistari kando ya barabara, mvua zimekataa, na unga tuliokula ulikuwa wa njano, wa msaada, unanuka gunia. Siku moja akaja kambini mwanajeshi mmoja mfupi, anayeongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Tukaambiwa anatafuta vijana wa kikosi maalumu, na jina la kikosi hatukutajiwa. Akatukimbiza mpaka kilimani na kurudi, jua la saa saba, wengine wakatapika. Tuliporudi tulikuta pipa la maji limewekwa katikati ya uwanja, na vijana wakalivamia, wakakanyagana. Yule mfupi hakujali nani katangulia mbio. Alikuwa analitazama pipa. Mimi sikwenda kwenye maji kwa sababu niliogopa kuumizwa kwenye ule msukumano, nikasimama pembeni ulimi umenikauka. Karibu yangu alisimama kijana mrefu mwenye pengo la meno ya mbele, ambaye hakwenda kwenye maji kwa sababu alikuwa anamsimulia mtu kisa cha nyani na msimamizi wa shamba la mkonge. Yule mfupi akaja akatugusa mabega, mimi na yule mrefu na wengine wachache. "Hawa wanajua kujizuia," akasema. Basi hivyo ndivyo nilivyochaguliwa kuingia kwa watu hodari, mimi kwa woga wangu na Maganga kwa mdomo wake. Tulicheka sana juu ya jambo hilo mwanzoni.

Kambi ilikuwa mbele ya Mikumi, mbali na barabara iendayo Iringa, chini ya milima, mahali ambapo mbuga inaishia na hakuna aliyewaarifu wanyama kwamba inaishia hapo. Bweni letu lilikuwa la nguzo za miti na mabati, na jua likipanda mabati yalilia ta, ta, ta, mtu akadhani kuna anayetembea juu. Asubuhi ya kwanza tulikuta nyayo za simba kati ya bweni na choo. Tangu siku hiyo nilijifunza kukaa na haja yangu mpaka kuche kabisa, na hata leo mke wangu hunishangaa. Maharage yalikuja na wadudu wake. Kuruta mmoja kutoka mjini akaanza kuwatoa mmoja mmoja na kuwapanga ukingoni mwa sahani, na Maganga akamwambia, "Ndugu yangu, rudisha hao. Hiyo ndiyo nyama ya serikali, usiifanyie ubaguzi." Bweni zima likaangua kicheko. Nilimpenda kwa ajili hiyo. Nilikuwa naogopa tangu nilipoamka mpaka nilipolala, naogopa kamba, naogopa mto, naogopa bunduki hata isiyokuwa na risasi, na Maganga akiongea woga ulipungua. Kwa hiyo nikajibandika kwake. Aliniita mtani, nami nikamwita mtani, akawa ananiambia Wakaguru ni watu walioshindwa kushuka mlimani kwa sababu ya kuogopa mteremko, nami namwambia Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa.

Yule mfupi ndiye aliyekuwa mkufunzi wetu mkuu. Tulimwita Taratibu, kwa siri, kwa sababu ya jambo la siku ya kwanza. Alichuchumaa mbele yetu kama anaota moto, akasema, "Majasiri siwataki hapa. Jasiri anakufa mapema, na anakufa na wenzake. Nataka mtu anayeogopa kama binadamu yeyote, lakini woga wake asimgawie mwingine. Mmeelewa?" Tukaitika kwa kishindo, "Ndiyo, afande!" Akakunja uso. "Taratibu," akasema. "Taratibu, vijana. Mimi si kiziwi." Wakufunzi wengine walitukana, wakapiga mateke, na tuliwazoea. Yeye hakumgusa mtu hata siku moja, na sote tukiona kofia yake tu tulikuwa tunajipanga mstari bila kuambiwa. Watu wengi hawanielewi ninapowasimulia hili. Wanadhani mtu wa kutisha ni yule anayebweka.

Siku moja alitukalisha kwenye nyasi ndefu, wawili wawili, akasema tusitikisike mpaka tusikie filimbi. Jua likapanda, nzi wakatuingia machoni, hakuna filimbi. Kisha nyasi za mbele zikaanza kuvunjika na tembo wakatokea, majike na watoto wao, wanakuja upande wetu bila haraka. Bwana wangu! Nilisikia tumbo la mmoja wao likinguruma, karibu hivyo. Nilijikojolea, sikatai, na mkojo ulikuwa wa moto kuliko jua. Maganga alikuwa bega kwa bega nami. Akanong'ona, midomo haichezi, "Mtani, yule wa mbele mbona anafanana na shangazi yako?" Nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Tembo wakapita. Filimbi ilipolia tukakuta Taratibu alikuwa nyuma ya kichuguu, hatua chache kutoka kwetu, muda wote ule. Mimi na suruali yangu mbichi sikuambiwa kitu. Akamtazama Maganga, akasema, "Wewe uliongea." Basi. Akaondoka.

Halafu kulikuwa na kibanda. Kilikuwa chumba cha mabati matupu, kimejengwa juani kwa makusudi, hakina dirisha. Unaingizwa humo, wakufunzi wanakuuliza jina lako na unakotoka, na kazi yako ni kutosema. Mimi mara ya kwanza nilitoa jina la kuzaliwa, la ubatizo na la kijiji kabla hawajamaliza swali, wakacheka mpaka wakaegemea ukuta na kuungua. Baadaye nilijifunza kubana meno kidogo. Maganga yeye aliwapa majina kumi. Aliwaambia yeye ni mtoto wa stesheni masta, kisha ni mpishi wa askofu, kisha ni mwanamke, aliwasimulia mpaka mmoja akasahau swali akauliza, "Halafu ikawaje?" Tulikuwa nje, tumepanga foleni, tunasikia vicheko. Taratibu akafungua mlango, akamtoa Maganga nje, akamwambia mbele yetu kwa ile sauti yake ya wodini. "Mwili wako ni wa askari bora kuliko wote walio hapa. Mdomo wako utakuua, na utamuua huyu Mkaguru wako. Anayesema uongo mwingi siku moja anachoka, na akichoka anasema kweli. Jifunze kunyamaza. Usipojifunza, nakurudisha kwenye mkonge."

Mchana ule Maganga hakumaliza ugali wake. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ghala, yeye anachora chini kwa kijiti. "Mtani," akaniambia, "wewe ukirudi kwenu una mlima. Una ndizi. Mimi nikirudi Rudewa, alikoletwa baba yangu kukata, narudi kwenye mkonge. Unaujua mkonge wewe? Mwiba wake unakutafuta jicho. Unaamka unakata, unalala mikono inawasha, na mtoto wako naye anazaliwa huko huko, anakata. Hapa nimepewa viatu. Viatu vya ngozi, mtani! Nikifukuzwa hapa bora nife." Nikamwambia aache maneno ya kufa. Akasema, "Nitanyamaza mpaka mnidhani bubu." Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Alianza kwa kuweka kokwa la ukwaju chini ya ulimi. Akitaka kusema kitu analing'ata kwanza. Wiki zikapita, bweni likawa kimya. Jamaa wakamchokoza, "Maganga, leo redio imeisha betri?" na yeye anatabasamu na lile pengo lake, hasemi. Ile hadithi ya nyani na msimamizi, ambayo ilikuwa haijafika mwisho tangu siku ya pipa, nikamuuliza, "Ikawaje sasa?" Akainua mabega. Siku nyingine aliulizwa kitu jikoni, chumvi iko wapi au nini, akamtazama mpishi kwa muda mrefu kabla ya kujibu, akajibu neno moja. Taratibu alikuwa anapita, nikamwona amesimama kidogo, akaendelea. Watu husema mdomo uliponza kichwa, na ni kweli, lakini hakuna aliyeniambia mtu akiufunga mdomo kabisa kinachobaki ndani kinakuwa nini. Nililala karibu na kimya kile, woga wangu wote ukarudi, na mwingine ukaongezeka.

Mtihani wa mwisho ulikuwa huu. Mtoke kambini wawili wawili, kwa miguu, mpaka daraja la reli karibu na Kilosa, bila barabara, bila kuonwa na mtu. Msichukue kitu cha mtu. Msiongee na mtu. Taratibu alituchuchumalia tena. "Wenyeviti wa vijiji wameambiwa kuna watu wabaya wanapita, majasusi. Hawajui kwamba ni nyinyi, na wakijua mtihani hauna maana. Ukikamatwa, huna jina, huna kwenu, mpaka nije mimi mwenyewe kukuchukua. Mmoja akisema, wawili mmesema, na wawili mnarudi kwenu." Maganga alikuwa ananitazama wakati huo. Hakuwa na haja ya kusema kitu. Viatu vyake alikuwa amevipaka mafuta ya kula.

Tulikwenda vizuri mwanzoni, tukipita juu ya vilima, tukilala kwenye mawe. Homa ilimkamata Maganga tulipokuwa upande wa Masanze. Meno yaligongana mpaka nikaogopa yatasikika, halafu akawa wa moto, macho mekundu. Nikamwingiza kwenye matete kando ya kijito, asubuhi bado mbichi, nikakaa mbele yake nimejifunika majani, tusubiri watu waende mashambani tupite. Akaja bibi mmoja na kikapu, anachuma mlenda. Alichuma, akasogea, akachuma, akasogea. Alifika nilipo akainama, mkono wake karibu uguse goti langu. Hakuniona. Macho yake yalikuwa kwenye majani. Alikuwa anapumua kwa taabu kama bibi yangu mzaa mama, na kilemba chake kimefungwa vile vile. Nimefundishwa mwaka mzima kukaa kama jiwe. Tembo wamenipita sikutikisika. Lakini hakuna aliyenifundisha kukaa mbele ya bibi nikiwa kimya. Tangu nilipotambaa nilipigwa kofi kwa kosa hilo. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," akajibu, bado ameinama, bado anachuma. Kisha akanyanyua kichwa akaniona, na hakuogopa. Nataka hilo lieleweke, hakuogopa. Aliona kijana mwenye adabu amekaa kwenye matete. "Marahaba mwanangu. U mtoto wa nani wewe?"

Hapo ndipo nilipokumbuka amri, nikanyamaza. Akauliza tena, "Umetoka wapi? Unaumwa?" Nikamtazama tu. Ningenyamaza tangu mwanzo asingeniona. Ningeendelea kuongea angenipeleka kwake akanipa viazi. Mimi nikafanya la katikati. Maana kwetu sisi mtu aliyeamkia amefungua mlango, hawezi kusimama hapo mlangoni hasemi. Anayefanya hivyo ni kichaa, au ni mtu aliyekufa. Uso wa yule bibi ulibadilika polepole. Kikapu kilimtoka. Akarudi nyuma kinyumenyume, na akiwa ng'ambo ya kijito akapiga yowe ambalo naweza kulisikia sasa hivi nikitaka.

Walikuja wengi, na marungu na mapanga na majembe, wanawake kwa wanaume. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wa kawaida, watu wanaofanana na wajomba zangu, wanaweza kuwa na macho yale. Walitufunga kwa kamba za katani. Maganga alishindwa kusimama, wakamburuta. Kijiji chao kilikuwa kipya, nyumba nyingine bado ni fito tupu hazijakandikwa, na jina lake sitalitaja kwa sababu wajukuu wao wapo na hawana kosa. Wakatuingiza kwenye stoo ya kijiji. Kulikuwa na magunia ya pamba, majembe mapya yaliyofungwa kwa karatasi, na harufu ya dawa ya wadudu iliyonikaba koo. Ukuta ulikuwa wa mabanzi. Tuliweza kuona vipande vya watu nje, mguu, shati, mkono wenye panga. Mwanamume mmoja aliingia akamuuliza Maganga, "Jina lako?" Kimya. "Umetumwa na nani?" Kimya. Akampiga rungu la bega, akauliza tena, akampiga la kichwa. Damu ikashuka nyuma ya sikio. Alipotoka nikamnong'oneza, "Mtani, wadanganye! Wewe fundi wa kudanganya, waambie wewe mpishi wa askofu, waambie chochote!" Akageuza macho. Yalikuwa yanang'aa kwa homa. Akaniambia, na hayo ndiyo maneno pekee aliyosema siku hiyo, "Ukisema, mimi na wewe basi."

Nje walikuwa wanajadiliana, nasi tunasikia kila kitu. Sauti moja ya kijana ilisema, "Tuwamalize, tunasubiri nini?" Mwanamke akamjibu, "Uwamalizie hapa? Damu ibaki hapa, watoto wangu wakae juu yake? Si ni juzi tu tumeletwa!" Mwingine, mtu mzima, sauti imekwaruza, nadhani ndiye mwenyekiti, akasema, "Jamani, sikilizeni. Nyumba zetu za mlimani zilichomwa na sisi hatukuwa tumekosa kitu. Tukionekana tumewalea majasusi, watatuchoma sisi wenyewe." Ndipo nikajua kwamba wanaogopa. Wanaogopa kama mimi, na wao wako wengi, na wana mapanga, na nikaogopa maradufu. Baada ya muda yule wa sauti iliyokwaruza akasema, "Basi. Jua likishuka, wapelekwe korongoni. Na asiyekuwepo asiulize." Nikamtazama Maganga. Alikuwa amelaza shavu kwenye gunia la pamba, damu inaingia kwenye pamba, hasemi, hatikisiki. Nikafikiri juu ya viatu vyake. Nawaambieni kweli, nilivifikiria. Nilijua anachokitaka duniani na nilijua kwamba nikifungua mdomo nimekichukua. Kisha nikasikia mtu nje ananoa panga kwenye jiwe, nikapiga kelele.

Nilipiga kelele kwa Kikaguru. Nikataja jina langu, la kijiji chetu, la ukoo wa mama, la katekista aliyenifundisha, nikasema sisi ni askari wanafunzi, tunafanya mtihani, mwenzangu anakufa kwa homa. Kisagara cha watu wale na Kikaguru chetu ni mtu na binamu yake, wakanielewa. Hawakuniamini. Mwanamume mmoja akaweka jicho kwenye mwanya wa mabanzi. "Kanisa la huko unakosema, kengele yake inaliaje?" Nikamwambia hailii, ilipasuka zamani, tunagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti. Jicho likaondoka. Nikamsikia akisema, "Shemeji zangu wanatoka huko. Ni kweli, ni reli." Na yule bibi wa mlenda akaanza kuwafokea wote kwa sauti kali, "Niliwaambia aliniamkia! Niliwaambia au sikuwaambia? Mkaniita mzee nisiyesikia vizuri! Fungueni mlango huo, wajinga nyinyi!"

Walifungua. Mtu akapanda baiskeli kwenda kutafuta simu ya polisi. Bibi yule akaleta uji, ananung'unika njia nzima kwamba tumemmwagia mlenda wake. Mimi nilikunywa nikilia. Maganga hakunywa. Walimfungua kamba, wakamwosha kichwa, mganga wa zahanati ya jirani akamchoma sindano, na baada ya muda nikaona jasho linamtoka, akaacha kutetemeka. Lakini hakusema. Nikamshika uso. "Maganga. Imekwisha. Wanajua, nimewaambia, tuko salama. Maganga!" Alinitazama kama anayetazama nguzo ya uzio. Nikamwita mtani, nikamwita kwa jina la mama yake, nikawatukana Wanyamwezi wote na vichwa vyao bapa. Hakuna kitu. Watu wakasimama kututazama, na mwanamke mmoja akajifunika mdomo. "Homa imempanda kichwani," akasema mganga. Nikashikilia neno hilo kwa mikono miwili.

Taratibu alifika asubuhi iliyofuata na Landrova. Mwenyekiti alianza kuomba msamaha, amepiga magoti, na yeye akamwinua, akamwambia hakuna aliyekosea. Akaingia stoo. Akachuchumaa mbele ya Maganga. "Jina lako nani?" Kimya. "Umetoka kambi gani?" Kimya. "Ni mimi. Nimekuja kukuchukua." Na hapo, polepole, Maganga akasimama, akakaza miguu, akapiga saluti. Sijawahi kumwona yule mfupi akitabasamu kabla wala baada ya siku ile. Nikasema, "Afande, alikuwa na homa, hakuwa anajua anachofanya." Akanijibu bila kunigeukia, "Labda." Kisha akanitazama. Hakukasirika. "Kwa sheria yangu wawili mnarudi kwenu. Lakini huyu sitamtupa. Wewe umeokoa roho ya mtu, na ungekuwa mwanangu ningekuchinjia mbuzi. Hapa sikuhitaji." Wakaondoka na Maganga kwenye Landrova. Mimi nilisubiri lori la pamba, na bibi akanipa viazi vya njiani.

Nikaenda kufanya kazi ya stesheni Kilosa, nikaoa, nikajenga. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo nilivyojifariji, na kicheko kweli kilikuja kwangu mara nyingi. Baadaye vikaja vita, Maganga akaenda na akarudi, na siku moja akatokea nyumbani kwangu bila taarifa, amenenepa kidogo, viatu vinang'aa. Nilifurahi mpaka nikakosa la kufanya na mikono yangu. Mke wangu akapika ugali na samaki. Alimuuliza hili na lile, naye akajibu, "Ndiyo, shemeji," na, "Hapana, shemeji," na kusifu samaki. Mke wangu alipotoka kwenda jikoni nikaona ndiyo nafasi. Miaka yote ile nilikuwa nimeishi na maneno ya yule mganga. Nilikuwa nimeyarudia kwa watoto, kwa mchungaji, kwangu mwenyewe nikiwa kitandani: homa ilimpanda kichwani, hakunijua.

"Mtani," nikasema, "siku ile ya stoo. Nilikuita, unajua? Nilikuita sana. Homa ilikuwa kali, eh?"

Alimeza tonge lake kwanza. Alinitazama, na safari hii macho yalikuwa ya mtu anayenijua vizuri kabisa.

"Homa ilikuwa imeshuka," akasema. "Nilikusikia, mtani. Kila ulipoita nilisikia."

Kisha akaomba chumvi, nami nikamsogezea.